Kilo Zilezile

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko magunia ya ghala letu. U mzima? Kiuno kimepoa? Mama analala vizuri? Na wapwa zangu, bado wanabishana nani atarithi mabega ya mjomba? Waambie waache ugomvi, bado nayatumia. Mimi huku ni mzima, isipokuwa mambo machache nitakayokueleza taratibu, maana ukiyasikia kwa mkupuo mmoja utaichana barua.

Yako nimeipata. Umesema mwisho wa mwezi unamwachisha kazi mama msaidizi, kwa kuwa alipiga deki akaacha maji sakafuni, mama akateleza akavunjika mkono, na kwamba mimi nije nikae hapo niwe namwinua mama. Nimeisoma mara nne kwenye kiti changu cha usimamizi, na kila nikiisoma kiti kinazidi kunibana.

Unanijua. Mimi ndiye niliyepandisha friji ghorofa ya nne peke yangu, paka wa mwenye friji akiwa amelala juu yake, wala hakuamka. Waliokuwepo wapo. Nilipopewa usimamizi, miaka tisa iliyopita, wapagazi waliniuliza kama sitalegea. Niliwacheka. Kila Jumatatu nikawa napanda mizani ya magunia mbele yao: kilo tisini na mbili, zilezile za siku zangu za kubeba. Nikawaambia watu huzeeka, chuma hakizeeki. Suruali ilinibana tumboni ikapwaya mapajani, nikamlaumu fundi cherehani.

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati; kwa nini, subiri kidogo. Mtaalamu wa viungo, binti mwembamba ambaye ningemtia mfukoni, aliniambia nikunje mikono kifuani niinuke kitini mara tano. Dada, niliinuka mbili. Ya tatu niliishia katikati, nimeinama, sipandi wala sishuki. Nikamtajia kilo zangu. Akasema mizani haiulizi ndani ya gunia mna nini.

Alinieleza mengi, nami nakueleza kwa lugha ya ghala. Misuli ni wapagazi, mafuta ni shehena. Shehena si adui: ni akiba, inatupa joto, inakinga figo zisigongwe. Lakini wapagazi ndio wanaotusimamisha, tena ndio wanaoipokea sukari kwenye damu wakaifanyia kazi. Ukiwakalisha miaka tisa, wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na shehena inajipanga mahali pao, hasa ndani ya tumbo, ikalisonga ini. Kilo hazipandi wala hazishuki, na wewe unajisifu. Nikamuuliza kama wapagazi hurudi. Akasema hurudi, hata kwa mzee, ila polepole na kwa jasho. Kwa sasa nisinyanyue mtu peke yangu.

Hapo ndipo niliponaswa. Nikija kumwinua mama, nitamuumiza. Nisipokuja, utauliza kwa nini, na jibu lake nimelificha tangu siku ile mama alipoanguka.

Sakafu ilikuwa kavu.

Nilikuwa nimekuja kuwatembelea, nawe ulikuwa kazini. Mama msaidizi alitaka tumwinue mama wawili, yeye huku, mimi kule, kama anavyofanya na wewe. Nikamwambia akachemshe chai, hii ni kazi ya wanaume. Nikambeba mama mikononi, hatua moja, ya pili, ya tatu magoti yakakataa. Tulianguka wote. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Nililala pale kama gunia lililotoboka, ukuta huku, kitanda kule. Na mama, mkono wake umevunjika, akaniuliza mimi kama nimeumia.

Mama msaidizi ndiye aliyetuinua, mama kwanza, mimi baadaye. Hicho ndicho kilichonipeleka zahanati. Mama akamwomba asiniaibishe. Uliporudi nikasema maji, naye alikuwa mlangoni ananitazama. Amebeba lawama yangu mwezi mzima.

Usimwachishe kazi. Msomee barua hii kwa sauti, mama na wapwa zangu wakisikia, wala usiruke mstari, hata ule wa chai. Nitakuja mwisho wa mwezi kumwomba radhi mbele yenu. Akinikubalia, ataniambia nisimame wapi tunapomwinua mama, nami nitasimama hapohapo.

Mshike mama mkono ule mzima kwa niaba yangu. Ukiwa na hasira, niandikie ukiwa nayo hivyohivyo, nitasoma.

Ndimi kaka yako.