Kwa Asukulu, Niliyemwita Mtalii

Asukulu, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya kempa yako, hii gari yenye kitanda na meza. Nimekaa kwenye ile meza inayoyumba, uliyoiwekea kadibodi chini ya mguu mmoja. Kadibodi bado iko. Nje naona ziwa, na upepo wa Buffalo unaujua mwenyewe, unasukuma gari kama mtu anataka kuingia kwa nguvu. Kuna mtu amekaa pale nje, mbele ya maji. Nitakuambia ni nani, lakini ngoja. Nikianza na yeye, yale mengine sitayasema.

Bon. Nianze na goti.

Nilianguka asubuhi moja kwenye mlango wa depo, pale kwenye barafu. Wewe ulidondokewa na mzigo ukiwa kazini, watu wakakimbia na machela. Mimi niliteleza tu kama mtoto, chakula changu kikaruka huko. Nikiwa chini pale, nasikia supavaiza anapiga kelele, unajua niliwaza nini? Sikuwaza mke wangu wala watoto. Niliwaza: haya, si ndicho ulichokuwa unakitaka?

Kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu, Asukulu. Wewe una chuma kwenye nyonga, unatembea na magongo, mimi nina miguu yangu yote, na bado nilikuwa nakuonea wivu. Sijui kama mtu mwingine ameshawahi kumwonea mgonjwa wivu namna ile. Nilikuwa napumzika dakika chache pale depo, mgongo unauma, natoa simu, nakuta video yako. Mto, ukungu juu ya maji, kikombe cha chai kwenye goti lako. Na sauti yako: "Angalia, ndugu yangu. Angalia tu." Nilikuwa naangalia, kisha nazima simu kwa hasira. Nasema, sisi tumetoka kambi ya wakimbizi pamoja, tumepanda ndege moja, tumeingia kazi moja. Sasa yeye anakunywa chai mtoni, mimi nabeba masanduku. Siku moja, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikafikiria ni mfupa gani mtu anaweza kuvunja bila kuumia sana.

Na wewe ulikuwa unaishi kwenye kempa kwa sababu ya ngazi. Nilijua hilo. Nyumba yetu ya Iroquois, kule Louisville, Kentucky, ghorofa ya pili, ngazi za chuma, na wewe huwezi kupanda. Ukanunua kempa ya yule mzee mzungu wa mtaa wa nyuma, ukaiweka parkingi, mke wako, Mama Riziki, akawa anakushushia chakula kwenye sufuria. Ulikuwa unalala chini peke yako, familia yako juu. Mimi hilo sikulionea wivu. Nilichagua kile cha kuonea wivu, kile kingine nikakiacha.

Sasa nisikilize. Hapa ndipo penye neno lenyewe.

Unakumbuka ulikuja kwangu siku ile, umekaa kwenye kiti chini ya ngazi kwa sababu hukuweza kupanda mpaka ndani? Ukasema, "Baba Neema, daktari amekataa nilale. Amesema nikilala, damu itaganda na mguu utakauka. Niendeshe kidogo, nishuke, nitembee kidogo, nirudi garini. Na kichwa pia, amesema niende kuona vitu vizuri, maana usingizini bado naona ule mzigo unakuja." Ukasema tena, "Donc, wewe ni mzee wa kwaya, watu wanakusikia. Waeleze. Mimi siwezi kupita mlango kwa mlango na magongo haya."

Nikasema sawa. Nikakushika mkono na kusema, "Usijali, mukubwa, hilo niachie."

Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wakaja kukuona kama tunavyofanya. Magari mengi. Wamama wamebeba ugali kwenye taulo, sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa ndagala, soda za watoto. Wakafika parkingi, kempa haiko. Iko alama ya mafuta tu chini. Mama Riziki akashuka ngazi mbio, kitenge hakijafungwa vizuri, aibu imemjaa usoni. "Ametoka kidogo. Amekwenda kuangalia majani."

Mama Furaha wa sauti ya kwanza akauliza, "Majani gani? Sombe? Si tumeleta!"

"Hapana, ya miti. Yale yanayogeuka rangi. Ya kuangalia tu."

Watu wakatazamana. Wewe unajua kwetu mgonjwa ni nani. Mgonjwa ni mtu unayemkuta. Analala, anakupa mkono bila nguvu, anasema "tunajikaza," mnaomba, mnakula, mnaondoka. Mgonjwa aliyekwenda kuangalia majani hatukuwahi kumwona. Wakageuka wananiangalia mimi, mzee wa kwaya, niseme kitu. Ilikuwa kazi ya maneno mawili tu: daktari ameagiza.

Nikasema, "Huyu si mgonjwa. Huyu ni mtalii."

Wakacheka, Asukulu. Baba Sifa akashika tumbo. "Mtalii! Tumletee basi kofia na kamera!" Mama Riziki akacheka pia, kile kicheko cha mtu ambaye hana pa kwenda. Na mimi nilisikia raha. Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi tena kunijibu: nilisikia raha siku nzima.

Jina likashika. Mtalii yuko wapi leo? Mtalii amerudi? Sufuria hazikuja tena. Wewe ulikuwa unanipigia simu, unauliza, "Ndugu, watu wamekasirika nini? Uliwaeleza?" Nikasema niliwaeleza, lakini unajua watu.

Mkahamia Columbus kwa dada yake Mama Riziki. Kisha Buffalo, mkapata ile nyumba ya chini huku Cheektowaga, haina ngazi, na Mama Riziki akapata kazi karibu na uwanja wa ndege. Nilisema moyoni, sasa wivu utaisha, yuko mbali. Wapi! Ukaanza kunitumia ziwa. Ukanitumia yale maji makubwa yanayodondoka, mvuke unapanda mpaka kwenye kioo cha gari, na wewe unacheka kama mtoto. "Angalia, ndugu yangu." Mguu ulikuwa unapona. Ulikuwa umeacha gongo moja. Hata hilo liliniuma.

Halafu simu ya Riziki. "Uncle, Papa is gone." Mimi nikamuuliza, amekwenda wapi? Nilifikiri umekwenda kutembea. Mtoto akalia, ndipo nikaelewa. Damu iliganda, ikapanda kwenye mapafu. Mama Riziki alipotoka kazini akakukuta.

Nilikuja kilioni. Watu waliojaa! Kutoka Columbus gari kwa gari, kutoka Louisville pia, wale wale waliocheka. Baba Sifa alilia mpaka akashikiliwa. Nikakaa pale kwenye mkeka, nikahesabu moyoni ni nani angenililia mimi hivyo. Unaona? Hata mkekani. Hata sanduku lako nililionea wivu.

Siku ya kuondoa matanga wazee wakagawa vitu vyako. Koti kwa shemeji yako, viatu kwa yule binamu. Ikafika kempa, wakaanza kubishana. Mama Riziki akasema, "Mpeni Baba Neema. Marehemu akipiga video yoyote ilikuwa ya kumtumia yeye." Wakanipa ufunguo mbele ya watu wote. Nikapiga makofi, nikapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeitamani gari hiyo, na sasa iko mkononi kwangu.

Donc, nilipoumia goti, nikakuta niko kwenye maisha yako. Ngazi zile zile, parkingi ile ile, juu ya alama yako ya mafuta. Mama Neema ananishushia sufuria. Ila mimi nilijua namna ya kuwa mgonjwa. Jumapili nilikuwa nafunga mapazia, najilaza, naweka dawa mahali zinapoonekana. Watu wakija nasema "tunajikaza." Walikuja, Asukulu. Kila Jumapili. Sombe yako yote nilikula mimi. Mama Furaha ananiwekea mto chini ya goti, anasema, "Huyu ni mgonjwa kweli, siyo kama yule mtalii wetu, Mungu amrehemu."

Na goti likakauka. Yule dada wa hospitali anayenifanyisha mazoezi akalishika, akalikunja, nikapiga kelele. Akasema kwa nini unalala hivi? Tembea, toka nje, endesha kidogo, shuka, rudi. Maneno yako, neno kwa neno. Nilitamani kuficha uso.

Nikaanza kutoka, siku za katikati ya wiki, watu wakiwa kazini, ili wasinione. Kama mwizi. Nafungua video zako, natafuta mahali ulipokaa. Nilizunguka kilima cha Iroquois, nikafuata mto, nikaenda kwenye ile milima ya kusini ambako barabara inajikunja na miti inafunika juu. Nakaa kwenye kiti chako cha kukunja. Najimiminia chai. Naangalia. Ni maji tu. Miti tu. Nikasikia wivu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza: gari ninayo, kiti ninacho, mgonjwa ni mimi, lakini yale macho yako sina. Ulikuwa unaona nini? Nilikuwa nakasirika peke yangu mtoni kama mwendawazimu, nakuuliza.

Nikarudia video. Nikarudia tena. Ndipo nikaona kiti cha pili. Kwenye video zote, za Kentucky mpaka za ziwani, pembeni yako kuna kiti kimefunguliwa, hakina mtu. Mimi nilidhani ni cha kuwekea mguu. Lakini mguu wako uko chini, naona kiatu. Nikafungua sanduku la nyuma la kempa. Viti viwili. Kimoja kitambaa kimechakaa, kimechukua umbo lako. Kingine ni kipya kabisa, karatasi ya dukani bado imeshonwa kwenye mkono.

Nikaelewa ulikuwa unamngoja mtu, nikaondoka Louisville kesho yake. Goti lilikuwa linaniuma, nikasimama Columbus nikalala kwa shemeji yako. Alinipa chai. Kisha nikaendesha mpaka Cheektowaga, nikasimama mbele ya nyumba yako. Mama Riziki akatoka na nguo za kazi, akafurahi kuona gari. Nikamwambia yote pale pale barabarani, kabla hajanikaribisha. Kwamba uliniagiza, kwamba sikusema, kwamba jina nililitoa mimi.

Hakulia. Alisema, "Kila Jumamosi alikuwa ananiambia, twende Mama Riziki, nimekununulia kiti. Kila Jumamosi nikamwambia sitaki kuitwa mke wa mtalii. Hata huku Buffalo, ambako hakuna anayetujua. Nilikuwa na aibu ile ile." Kisha akasema, "Baba Neema, toka mbele yangu." Akafunga mlango.

Nililala kwenye gari. Asubuhi nikasikia anagonga kioo. Amevaa koti lako la zamani, lile la bluu ambalo wazee hawakuligawa. Akasema, "Nipeleke alipokuwa anakaa." Tulipofika nikamfungulia sanduku la nyuma, yeye akakichukua kile kipya mwenyewe. Akashindwa kukifungua, nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Akapambana nacho mpaka kikafunguka.

Sasa yuko pale nje. Karatasi ya dukani inapigwa na upepo kwenye mkono wa kiti, hajaikata. Pembeni yake nimefungua kiti chako kilichochakaa, kisha nikarudi humu ndani, kwa sababu hapo siyo mahali pangu. Anaangalia maji. Mara anageuza kichwa kidogo upande wako, kama anasikiliza. Na mimi namwangalia kwa dirisha, Asukulu, na wivu bado ninao. Wewe umekufa, na bado kuna mtu anakaa na wewe. Sijui kama utaisha. Lakini leo angalau sitaufuata.

Hizi ndizo ahadi zangu. Kempa naiacha hapa kwa Mama Riziki. Riziki ana leseni, nitamwonyesha namna ya kuiwasha kukiwa na baridi. Mimi narudi Louisville na basi. Jumapili, kabla kwaya haijaimba, nitasimama na gongo langu mbele ya Mama Furaha na Baba Sifa na wote, nitawaambia daktari alikuagiza nini, na kwamba nilijua. Wakitaka kuniondoa kwenye kwaya waniondoe. Na wakija kuniona mgonjwa wasinikute, wakauliza nani amekwenda kutembea, waambiwe ni Mtalii. Jina hilo nalichukua mimi. Wewe urudishiwe lako.

Mama Riziki ameinua mkono, ananiita. Nafikiri baridi imemzidi. Hapana. Ananionyesha kitu kule kwenye maji, mbali, anasema kwa sauti, "Angalia!"

Ngoja nitoke nikaone.

Lala salama, Asukulu. Nimechelewa sana kukujibu.

Baba Neema