Mama Asipandishwe Garini Bado

Yaya Léocadie,

Usikubali mtu apandishe tena jeneza la mama kwenye gari. Asubuhi tulipoondoka, kila kona gurudumu la mbele liligonga ka-ka-ka, mpaka baba mdogo akatulazimisha kurudi: "Mama yenu iko anagonga. Hataki kuzikwa Wamaza!" Kama angekuwa yeye anayegonga, yaya, ningemfungulia jeneza mara moja. Nimelala chini ya gari nikaona: mpira wa kardani, kile chuma kinachozungusha gurudumu, umepasuka, grisi imekwisha, mchanga umeingia. Ikivunjika porini, tutakwama naye. Nimechukua baiskeli kwenda kwa Abedi fundi. Ana gari bovu la namna hii, nitaomba kardani yake.

Wape wageni chai.

~~Nikichelewa, mzikeni hapa.~~ Hapana, mningoje. Aliomba alale karibu na kaburi la baba kule Wamaza, na mimi ndiye niliyemjibu ndiyo.

Mdogo wako,
Placide