Nepi Isiyo ya Adrian

Uyole, Mbeya
3 Machi 2024

Dada Bertha mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene, dada yangu. Habari za Kilolo, habari za baridi, shemeji Liberatus hajambo? Sisi huku wazima, ila mvua hazikatiki na matope yameingia mpaka sebuleni. Adrian ameanza kucheka na watu. Ana paji la uso la marehemu mama, ukimwona utashtuka.

Simu yako haipatikani tangu Krismasi, kwa hiyo naandika kama ulivyoagiza, nampa kondakta aache mzigo ofisi ya mabasi Mafinga, yule mteja wako Mama Esnath auchukue. Sitakuficha, niliumia ulipokosa ubatizo. Tumebaki wawili tu, dada. Lakini hayo tuyaache, nina jambo la kukuuliza wewe fundi cherehani.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tukuyu kumwona mjukuu. Yeye ni Moravian, lakini siku hiyo alikaa mbele kabisa na kitenge chake kipya. Tuko katikati ya rozari, mbwa wa jirani akaingia na pampasi mdomoni. Iliyotumika, dada! Akaanza kuitikisa pale mlangoni kama anaua panya. Mwenyekiti wetu, mama mzito unayemjua, alipanda juu ya stuli. Wengine wakakimbilia chumbani. Mimi nilibaki nimeshika rozari mkononi, mdomo wazi, nikiangalia uchafu wa mwanangu ukiruka juu ya viatu vya wageni. Tunazifukia, mbwa wanazifukua.

Na siyo aibu tu. Mapaja ya mtoto yalishatoka ngozi, mekundu kama nyama. Nikaamua siku ileile: pampasi basi, mwanangu atavaa nepi za kitambaa. Mama mkwe akaruka. "Mjukuu wangu avishwe matambara? Watu watasema mwanangu Gwakisa ameshindwa kulea!" Gwakisa mwenyewe akaenda kufuta pikipiki iliyokuwa safi tayari.

Niambie basi, kitambaa gani kinafaa? Nafuaje mvua hizi?

Ni mimi mdogo wako,
Faustina

*

Kilolo
19 Machi 2024

Mdogo wangu Faustina,

Milele amina. Kamwene, mama Adrian. Nimepokea barua yako kwa Mama Esnath na nimecheka mpaka cherehani ikasimama. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Simu imekufa, usihangaike nayo. Kuhusu ubatizo, nisamehe. Nilishindwa kusafiri.

Umeamua vizuri, usirudi nyuma. Kitambaa chukua flaneli ya pamba, siyo ile inayong'aa. Ndani shonea kipande cha taulo la zamani, kwa sababu jipya halinywi maji vizuri mpaka lifuliwe mara nyingi. Usishone mkunjo mnene pamoja, hautakauka. Shona vipande viwili vinavyotenganika. Suuza kwanza kwa maji baridi, halafu ndiyo sabuni. Dawa ya kulainisha nguo usiguse kabisa, inafanya kitambaa kikatae maji, na kitavuja pembeni. Harufu ikikataa kutoka, loweka na siki. Siku ya mvua anika juu ya jiko, na ukimaliza piga pasi, hasa kwenye mishono, maana unyevu hujificha huko.

Kubwa kuliko yote: usisubiri ilowe. Mkojo ukikaa juu ya ngozi unaunguza kama maji ya betri. Hasa ule wa asubuhi. Ngozi ikishachubuka, hata upepo unauma, hata kutembea ni kazi. Mpake mafuta ya nazi kabla, siyo baada.

Nimekushonea za kuanzia, zimo kwenye kifurushi. Nyingine zina kamba badala ya pini, ili usimchome. Mbusu Adrian. Mwambie mama mkwe wako matambara ni kitu kingine, hizi ni nepi.

Dada yako akupendaye,
Bertha

*

Uyole, Mbeya
7 Aprili 2024

Dada Bertha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo. Natumaini kweli, na baadaye utaona kwa nini.

Nepi ni nzuri mno. Mapaja ya Adrian yamepona. Mama mkwe alizishika, akazigeuza ndani nje, akavuta mishono, akasema, "Huyu dada yako ana mkono." Tangu hapo anazianika mwenyewe, na jirani akipita anamwambia zimetoka Iringa, utadhani zimetoka Ulaya.

Sasa, dada. Chini kabisa ya kifurushi kulikuwa na moja tofauti. Nilidhani ni ya kulalia. Nikaikunjua, ikanifika kiunoni. Kamba ndefu, taulo la mikunjo mitatu, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la mtoto. Nikacheka, nikasema, "Mama, angalia, dada kamshonea Adrian ya ukubwani!"

Mama mkwe hakucheka. Aliichukua, akaipima kwenye nyonga zake mwenyewe. Akakaa chini.

"Hii siyo ya mtoto," akasema. "Hii imevaliwa na mtu mzima. Imevaliwa sana."

Nikamwambia labda ni ya mama mzazi wa Liberatus, amezeeka. Akauliza, "Dada yako ana watoto wangapi?" Nikamwambia alipata mmoja, akafia tumboni. "Uchungu ulimkaa muda gani?" Nikasema mrefu, nilisikia walimchelewesha kumpeleka hospitali. Akaishika ile nepi kifuani. "Ee Kyala!" akasema. "Ee Kyala, Mungu wangu! Kwetu alikuwepo mmoja hivyo. Walimjengea kibanda kule kwenye migomba, akafia humo."

Dada, nikakumbuka nilipokuja kuzika mtoto. Umelala umejifunika mpaka shingoni, hukutaka niketi kitandani. Nikakumbuka barua yako, yale ya mkojo kuunguza, ya upepo kuuma. Nani alikwambia kutembea ni kazi? Adrian hajaanza hata kutambaa.

Ile nepi ni ya nani? Nijibu, hata neno moja.

Faustina wako

*

Uyole, Mbeya
12 Mei 2024

Dada,

Sina hata salamu ya kuandika. Uko hai?

Mabasi yanapita, kondakta anasema mzigo anaacha Mafinga, jibu hapewi. Jana nilitafuta namba ya Liberatus kwa watu wa Kilolo, nikampigia. Nikamsalimia vizuri, nikasema naomba kuongea na dada.

Akasema, "Dada yupi?"

Nikadhani hajanitambua. Nikamwambia mimi Faustina, shemeji yako. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke anauliza chumvi iko wapi. Halafu akaniambia, "Bertha hayupo hapa mwaka wa pili sasa. Nilijua yuko kwako."

Simu ilianguka kwenye beseni la nepi. Gwakisa ndiye aliyeitoa.

Mwaka wa pili! Na mimi bado nakuuliza habari za shemeji! Uko wapi, dada? Unalala wapi? Unakula nini? Nitaandika mpaka unijibu, na usipojibu nitakuja Mafinga nikae pale ofisi ya mabasi na mtoto mgongoni mpaka huyo Mama Esnath atokee.

Faustina

*

Mgololo
26 Mei 2024

Mdogo wangu,

Usije kukaa ofisi ya mabasi, mtoto atapata homa ya mapafu. Nipo hai. Niko Mgololo, ukishuka chini ya kiwanda cha karatasi. Hata barua ile niliyoandika juu "Kilolo" niliiandikia hapahapa. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani aendelee kuniwaza nikiwa nyumbani kwangu.

Ile nepi ni yangu. Sijui iliingia kwa bahati mbaya au mkono wenyewe ulichoka kuficha.

Uchungu ulinianza Jumapili. Mama yake Liberatus akasema mtoto wa kwanza huchelewa, tusubiri. Tulisubiri mpaka nikaacha kusikia miguu yangu. Hospitali walimtoa mtoto amekwisha. Nilipoamka, kitanda kimelowa. Nikadhani ni jasho. Nikabadilishiwa shuka, likalowa tena. Nikasema itaisha. Faustina, haikuisha. Hakuna kubana, hakuna kusikia mkojo unakuja, unatoka tu, umesimama, umelala, unaongea na mtu.

Liberatus mwanzoni alivumilia. Baadaye akahamia chumba kingine. Baadaye chakula changu kikawa kinawekwa jikoni nje. Hakunipiga wala kunitukana, aliacha tu kunitazama. Siku moja nilikuta nguo zangu zote zimeanikwa kwenye ua, hata zile safi, nikaelewa. Mama Esnath ndiye aliyenipokea hapa kwake, nilikuwa namshonea sare. Aliniuliza swali moja tu: "Bado unaweza kushona?" Akanipa chumba cha uani chenye bomba lake. Mungu ambariki.

Ndiyo sababu sikuja ubatizo. Nilifika stendi ya Mafinga nimevaa vizuri, nimejifunga tatu kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akageuka, akaziba pua, akamwambia mwanawe asogee. Nikarudi.

Kwa hiyo nepi nilizijua kabla yako. Kila nilichokuandikia nilijifunza kwenye mwili wangu. Ulipouliza nilifurahi, nikasema angalau kitu hiki kitamfaa mtoto.

Sasa umeshajua. Usije. Nitashindwa kukuangalia usoni.

Dada yako,
Bertha

*

Uyole, Mbeya
2 Juni 2024

Dada Bertha wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Gwakisa akaisoma, akatoka nje, nikasikia anapiga teke ndoo. Mwenzangu yule asiyesema kitu! Mimi nashtuka upya kila nikimbadilisha Adrian. Namfuta, namkausha, namwambia pole baba, halafu nakukumbuka wewe kwenye chumba cha uani bila mtu wa kukwambia pole.

Sikiliza. Mama mkwe hakulia. Alivaa kitenge chake kile, akafunga ile nepi kwenye kanga, akaenda nayo hospitali. Mimi nyuma yake na mtoto. Pale dirishani akaikunjua mbele ya foleni nzima, akasema, "Nataka kuongea na anayejua hii ni kitu gani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nesi mmoja alitoka, akaishika ile nepi kwa mikono miwili, hakuziba pua. Akatuingiza ndani. Akasema, "Ni fistula. Ni tundu linalobaki uchungu ukikaa sana. Linashonwa."

Mama mkwe akauliza, "Linashonwa vipi?"

"Kama nguo, mama. Na matibabu yenyewe ni bure."

Dada, mama mkwe ndiye aliyelia hapo. Alimlilia yule wa kwenye migomba. "Linashonwa," akawa anarudia, "linashonwa, na sisi tulimjengea kibanda." Nesi alimshika mabega, na yeye akaendelea vilevile mpaka watu wa korido wakasimama.

Kuna hospitali ya misheni wanafanya upasuaji huo, madaktari wanakuja mwezi wa nane. Jina lako limeshaandikwa. Umesema nisije, nakuja. Alhamisi, mimi na mama mkwe na Adrian. Gwakisa amekodi gari ya rafiki yake, hutapanda basi. Ukinifungia mlango nitaimba nje mpaka ufungue, na unajua sauti yangu.

Mdogo wako,
Faustina

*

Mgololo
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Faustina, mama Adrian,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, na Mama Esnath anawasalimu wote. Mpe mama mkwe salamu zake za peke yake. Mwambie nakula uji kama alivyoniamuru.

Tulikaa wote Uyole nikajiuguza, na bado sikuweza kukusimulia kwa mdomo. Kwa kalamu naweza. Kilichonishtua kuliko vyote haikuwa kisu. Ilikuwa ile wodi. Nilidhani niko peke yangu duniani. Nikafungua mlango nikakuta vitanda viwili viwili ukutani mpaka mwisho, vyote wanawake. Makete, Mbozi, Sumbawanga. Wasichana ambao hawajaota hata sugu mikononi. Na bibi mmoja wa Usangu ambaye alizaa mara moja tu, ujana wake, na hajakauka tangu hapo. Wajukuu wa dada zake wana watoto. Nilipoingia nimejikunja kama kawaida yangu, akaniambia, "Kaa, mwanangu, hapa wote tunanuka." Wodi nzima ikacheka. Nilikuwa sijacheka na watu kwa muda mrefu, mbavu ziliniuma.

Bibi yule hakupona. Tundu lake lilikuwa la zamani mno, watajaribu tena mwakani. Siku mpira wa mkojo ulipotolewa nikalala kitandani naogopa kujigusa. Nesi akasema, "Inuka." Nikainuka. Akasema, "Tembea." Nikatembea mpaka dirishani na kurudi, nausubiri mkojo, hauji. Nikamwangalia bibi. Akapiga vigelegele, yeye ambaye hakupona. Huyo ndiye simsahau.

Sasa la juzi. Liberatus alikuja. Amesikia kwa watu wa Kilolo kwamba nimepona. Alikuja na mjomba wake, wamevaa makoti. Yule mwanamke wake ameondoka. Nilipomwona mlangoni, Faustina, nilishangaa kwamba bado ni mzuri. Mjomba akaongea vizuri, akasema yalikuwa mapito, shamba lipo, nyumba ipo, mke halali ni mimi. Na mimi, usinicheke, moyo ulianza kulainika. Nikafikiria nyumba yangu. Nikanyanyuka kuwachemshia chai.

"Karibuni mkae," nikasema. Mjomba akakaa. Liberatus alisimama mbele ya kiti nilichokuwa nimekalia mimi, kiti cha cherehani chenye mto. Akainama kidogo. Akakipitisha kiganja juu ya mto, haraka, kama mtu anayefuta vumbi. Halafu akakitazama kiganja chake.

Kilikuwa kikavu. Akakaa.

Niliwapa chai, nikawawekea na sukari. Walipomaliza nikawasindikiza mpaka barabarani, nikamwambia mjomba asante kwa safari, nikampa Liberatus mkono, nikarudi peke yangu.

Kitenge nilichomshonea yule nesi aliyeishika nepi yangu kiko tayari, mwambie kimebaki kupigwa pasi.

Dada yako,
Bertha