Mtu wa Maneno Machache

Jumatatu, 3 Juni
Kijiji cha Maguu tena. Ukungu mpaka saa nne. Tumepima nyumba sita za watakaohamia kijiji cha ujamaa. Ndunguru anakadiria thamani, mimi nashika futi kamba. Bwana ardhi wa wilaya ni mimi, yeye msaidizi wangu. Kichekesho. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu nchi jirani, vitabu viwili vina jina lake. Alirudi kumuuguza mama yake. Bila yeye ningeshaumbuka zamani.

Alhamisi, 6 Juni
Barua ya siri kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Wanatafuta profesa mwandamizi wa fedha za ardhi na majengo. Ndunguru ameomba. Hakunidokezea hata kidogo. Wanataka maoni yangu, mkuu wake wa kazi: je, anafaa kusimama mbele ya wanafunzi?

Nimekasirika. Halafu nimeogopa. Vijiji vya ziwani bado vyote, na hesabu za fidia zinanipiga chenga.

Jumamosi, 8 Juni
Nimechana rasimu tatu. Ya nne nimeipeleka posta. Hakuna uongo ndani yake. Mama yangu kule Tanga angeisoma bila kuona haya. Nimemsifu uaminifu, bidii, nidhamu. Mwisho nikaandika: “Ni mtu wa maneno machache.”

Hapa Umatengo hiyo ni sifa kubwa. Nimewasikia wazee wa Maguu wakimsifu hivyo hivyo. Lakini barua haisomwi Maguu. Inasomwa na watu wanaotafuta mtu wa kuhutubia. Nilijua.

Jumanne, 18 Juni
Ndunguru kaniuliza kama niliwajibu chuo. Nikasema ndiyo, nikamtajia maneno yale. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Asante, kaka. Mama atafurahi sana.”

Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Juni
Mama yake kaleta kikapu cha maharage. Mgonjwa, kapanda gari la kahawa mpaka ofisini. Nilimwamkia nikitazama kikapu. Maharage nimewapa majirani.

Ijumaa, 12 Julai
Wamemkataa. Wanasema walihitaji mzungumzaji hodari zaidi. Aliisoma barua yao mara mbili, akaikunja, akauliza Lipingo, kule ziwani, tunakwenda lini. Hajaunganisha na maneno yangu. Au ameunganisha, ananistahi tu.

Nilikaa na karatasi niwaandikie upya. Nafasi imeshapata mtu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alizaliwa kabla gundi ya stempu haijakauka.

Jumanne, 23 Julai
Lipingo. Upepo, usipa umeanikwa kila mahali, harufu ya samaki mpaka kwenye mafaili. Watu waligoma kupimiwa. Walidhani tukishapima, nyumba zimeuzwa. Mimi nilifoka, wakazidi kugoma.

Ndunguru akaokota kijiti. Akachora nyumba mchangani, akawaeleza kwa Kinyasa chake cha kuungaunga: ukuta una thamani gani, paa je, miaka inapunguza nini, na kwa nini aliyehamishwa lazima alipwe. Saa nzima. Walicheka, waliuliza, walibishana naye. Hakuna aliyeondoka. Hata mimi nilielewa jambo ambalo nimelitia sahihi miaka minne bila kulielewa.

Tulipofika nyumba ya mwisho, mama mwenye nyumba alinisogelea.

“Baba, huyu mwalimu anafundisha chuo gani?”

Nikamwomba anishikie ncha ya futi kamba.