Mkono Uliofukia Moto

Zaituni, mjukuu wangu mwenye roho ya jiwe, tangu nije huku Olumbi kwa bibi yako mdogo Somoe hujaja hata kutuchungulia. Njia ya kutoka Quionga imefungwa kwako peke yako? Salamu ninazo nyingi, lakini mwenye duka anayeniandikia anasema kadi ni ndogo.

Juzi jioni zilivuma habari za watu wabaya, tukakimbilia shambani kulala. Kabla ya kutoka nilifukia moto kama siku zote: kumbi la nazi juu ya makaa, jivu tele, moshi usionekane. Asubuhi tumerudi, nachakura jivu, nakuta gogo la mkwaju. Zaituni, gogo lile si langu! Mtu kaingia, kapika, kisha kafukia moto vizuri kama mwenye nyumba.

Somoe akashika ndoo. "Dada, tuuzime! Huyu atarudi."

"Mwizi gani anamfukia mwenzake moto? Weka maji chini!" Maneno makubwa hayo, na huku nimejibanza nyuma yake. Mpaka leo hatujamjua. Tunapikia moto ule ule, na jani likianguka uani tunashikana mikono.

Mungu akulinde, mwanangu, usiku na mchana. Ukija, usininyatie jikoni kwa mchezo kama ulivyozoea. Simama mbali, piga hodi kwa sauti, taja jina lako na la mama yako, ungoje mpaka nikuitikie.