Bastola Niliyoing'arisha kwa Wivu

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kilosa hatujambo. Mama yako yuko Zombo anavuna mpunga.

Umeuliza kwa nini watu hukusanya bastola kuukuu. Meneja wa shamba la mkonge, tuliyemfanyia kazi za nyumbani, alikuwa nazo. Alimfundisha mwenzangu Zainabu, si mimi, kwamba za kale hujazwa risasi moja moja ubavuni, na za baadaye silinda nzima, kile kigurudumu cha kuwekea risasi, hufunguka nje. Kwa wivu nikaisugua iliyo kongwe kuliko zote kwa majivu, nisifiwe mimi.

"Umefuta rangi yake ya kale! Hiyo ndiyo thamani yake!" meneja alifoka.

"Kosa langu, bwana," Zainabu akasema. "Sikumweleza."

Zainabu akanyang'anywa ufunguo wa kabati la bastola aliokuwa amekabidhiwa. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Hadi leo namwonea wivu, sasa kwa moyo wake.

Bibi yako anayekukumbuka