Maswali Niliyomuuliza Mpishi wa Tambi

Jumamosi, Novemba. Mvua ile ya Birmingham isiyonyesha wala kukatika, na moyo wangu umekaa vivyo hivyo.

Leo sikuwa na shifti. Ningeweza kulala. Badala yake nilipanda treni kutoka Northfield hadi Selly Oak kwenda kumshuku mtu nisiyemjua.

Chanzo ni Mama Esperansi, Mkongo wa Bukavu tunayeimba naye kwaya. Jumapili iliyopita aliniambia, "Dada, kule Selly Oak kuko Muchina moja, anavuta unga na mikono mpaka inakuwa sawa kamba. Njo ile chakula unaliliaka?"

Ndiyo, ndicho chakula ninachokililia. Kabla ya kuja huku kulisha na kuogesha wazee, nilisoma Lanzhou, Uchina, miaka mitano, na kila asubuhi kabla ya darasa nilikula bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe. Supu angavu, figili nyeupe, dania, mafuta mekundu ya pilipili juu.

Lakini hapa nimedanganywa mara nyingi. Kuna mkahawa ulioniletea tambi za pakiti, zile za kumwagia maji moto, wakazifunika kwa kipande cha nyama wakidhani sitajua. Mwingine supu yake ilikuwa tamu kama sharubati. Siku hizi nikisikia "tambi halisi" nakunja uso.

Kwa hiyo niliingia pale kama mkaguzi.

Meza sita. Wanafunzi wawili wa Kichina wameinamia bakuli zao. Mama wa makamo kwenye kaunta alinipa menyu ya Kiingereza: kuku wa sukari na siki, chipsi. Shaka ikazidi. Nyuma ya kioo mwanamume mwembamba alikuwa anakanda unga. Nikaiacha menyu, nikamsogelea na daftari langu mkononi, nikamuuliza kwa Kichina anatoka wapi.

Mikono ikasimama. "Lanzhou," akasema kwa sauti ndogo.

Lanzhou sehemu gani? Nani alikufundisha? Ulifika Uingereza lini? Ulikuja na nani? Nilitaka tu aendelee kuongea nisikie kama lafudhi ni ya kule. Akajibu mawili, kisha akauweka unga mezani taratibu, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikajiambia, huyu mwongo nimemnasa.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Yule mama akanijia. Hakuwa na hasira, alikuwa amepauka. "Bibi, unataka karatasi gani?" akauliza kwa Kichina. "Ana mke na mtoto kwao. Tafadhali."

Ndipo nikajiona kama walivyoniona: afisa wa uhamiaji. Kitambulisho cha kazini kilikuwa bado kwenye koti langu. Daftari mkononi. Mgeni anayejua lugha yao, anayeuliza umefika lini.

Kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza, viza ya masomo niliyojia iliisha na nikaendelea kufanya kazi miezi minne. Siku moja mwanamke mwenye faili alikuja kazini akaniuliza, kwa upole sana, natoka wapi. Nilijifungia stoo ya shuka mpaka akaondoka. Alikuwa amekuja kumtembelea baba yake, mmoja wa wazee wetu.

Nilimweleza mama wa kaunta kwamba nilisoma kule, kwamba nilitaka chakula tu. Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Akaniuliza, "Kule watu hula tambi hizi saa ngapi?"

"Asubuhi," nikamjibu. "Ikifika saa nane mchana supu imekwisha na wenye duka wamefunga."

Akachukua simu, akampigia mpishi.

Mpishi alirudi baada ya nusu saa, amelowa, hana koti. Nilibandua kitambulisho nikampa mkononi. Alikisoma mbele na nyuma, akageuza tena mbele.

"Naogesha wazee," nikamwambia. "Ndiyo kazi yangu. Nisamehe."

Akanirudishia kitambulisho. Alirudi jikoni akavuta unga. Mara ya kwanza ulikatika. Mara ya pili ukafunguka mikononi mwake, mbili, nne, nane, mpaka sikuweza kuhesabu.

Bakuli lilipofika, mvuke ulinipiga usoni kabla sijashika vijiti. Zilikuwa zenyewe. Miaka sita nimezitafuta katika mji huu, na zilikuwa zenyewe, hata ule ukali wa mafuta unaochelewa kufika kooni. Nilipoinua macho, mpishi alikuwa amesimama nyuma ya kioo, haangalii bakuli wala uso wangu. Anaangalia mkoba wangu, nilimotia daftari.

"Kula, dada," akasema. "Zitalegea."

Nilikula zote. Sikuthubutu kubakiza hata uzi mmoja.

Sasa niko nyumbani, nguo zinanuka supu, na bado sijui nilichofanya leo kinaitwaje. Jumamosi ijayo nitarudi. Nitaagiza bila kuuliza neno, nichague kiti kinachotazama barabara, nimpe mpishi mgongo wangu apike kwa amani.

Kama atakuwa bado yupo.